Bridie Gilhooly na Mtoto Waliyesema Hakuwapo

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bibi Brigid Gilhooly anavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kufulia hapa Tyseley, Birmingham, kwa miaka arobaini na mmoja. Jina hilo la Brigid analijua mtu wa mishahara peke yake. Sisi wengine tunamwita Bridie. Ana umri wa miaka sabini, na meneja alianza kumdokezea habari za kupumzika miaka minne iliyopita. Bridie akamjibu kwamba nyumbani kwake Kingstanding hakuna mtu wa kugombana naye, kwa hiyo atabaki.

Ukurasa wa Kiswahili katika jarida la wafanyakazi nimepewa mimi, Najmo Abdow wa mashine ya pasi, kwa sharti kwamba niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini nina hasira, na sioni sababu ya kuificha, maana walionikasirisha hawasomi Kiswahili. Bridie naye hasomi. Kowsar, mwenzetu wa pasi, atamsomea kwa Kiingereza siku ya sherehe, na nimemkataza kupunguza hata neno moja.

Bridie alitoka Ayalandi akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Aliajiriwa hapa mwaka 1984, akawekwa upande wa nguo chafu, ambako matoroli ya mashuka ya hospitali humwagwa na mikono ya watu huyachambua. Huko hupatikana kila kitu: mikasi, vijiko, pete za ndoa, meno ya bandia. Meno hayo Bridie alikuwa akiyasafisha na kuyarudisha wodini yeye mwenyewe kwa basi, akidai kwamba mgonjwa asiye na meno huletewa uji mpaka atamani kufa. Siku moja muuguzi alimwambia kuwa meno aliyoleta si ya mtu yeyote wa wodi ile. Bridie alizunguka nayo vitanda vyote, akiwajaribisha wazee mmoja mmoja, hadi akafukuzwa.

Baadaye alihamia kwenye pasi, na hapo ndipo wengi wetu tulipomkuta. Kwa asiyeijua kazi hii, shuka haliingizwi mashinani na mtu mmoja. Watu wawili husimama mdomoni mwa mashine, kila mmoja ameshika pembe yake, na wote wawili huachia kwa pamoja. Mmoja akichelewa, shuka huingia upande na mashine hulitafuna. Mimi nilifika hapa kutoka Eastleigh ya Nairobi kwa kupitia Uholanzi, Kiingereza changu kikiwa cha kuombea maji tu. Bridie alishika pembe ya pili, akanifundisha kwa nyusi. Zikipanda, shika; zikishuka, achia. Nusu ya wanawake wa Kikenya na wa Kikongo katika kiwanda hiki wamefundishwa na nyusi hizo.

Ndiye aliyetupigania tukapata glavu nene, siku sindano ya hospitali iliponichoma kidole. Meneja alisema glavu ziko njiani. Bridie alikaa juu ya rundo la mashuka machafu, akatangaza kwamba na yeye yuko njiani, na hakuinuka mpaka glavu zilipoletwa. Ndiye pia aliyekigeuza chumba cha mablanketi kikawa chumba cha kuswalia. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akienda kula mkate wake nje kwenye baridi ili asitutamanishe, nasi tukimwita ndani alikuwa akijifanya hasikii.

Sasa nifike kwenye kitabu.

Miaka michache iliyopita Bridie alijiunga na darasa la uandishi la Jumamosi kwenye maktaba ya mtaani kwao. Alianza kuandika habari za utoto wake, na mwaka jana mchapishaji mdogo wa hapa mjini akazitoa. Ni kitabu chembamba. Kinaeleza kichochoro katika mji mdogo wa magharibi ya Ayalandi: chumba kimoja, baba mwenye kibarua cha msimu, mama, Bridie na kaka yake Fintan. Makoti yalikuwa ndiyo mablanketi. Jozi ya viatu ilikuwa moja kwa watoto wawili, kwa hiyo Jumapili mmoja alikwenda misa ya kwanza na mwingine misa ya pili. Walikunywa supu ya yale majani yanayowasha, ambayo kwetu Kenya huitwa thabai.

Halafu kuna sura ya mtoto. Katika majira ya baridi ya 1963, theluji ilipofunga barabara, mama yao alijifungua mtoto wa kike. Mtoto aliishi siku chache tu, akafa kwa baridi. Padri hakuweza kufika kumbatiza, na kwa sheria ya kanisa lao la siku hizo, mtoto asiyebatizwa hazikwi makaburini pamoja na wenzake. Baba alimchukua akaenda naye. Wapi, Bridie hakuambiwa, naye alikuwa na miaka minane. Mama alisema jambo hilo lisitajwe tena, na halikutajwa. Katika kitabu hakuna jina la mtoto wala mahali alipolala. Bridie aliandika kwamba havijui.

Watu wakaanza kusema. Mhakiki mmoja wa gazeti aliandika kwamba dunia imeshashiba habari za vichochoro vyenye matope, kwamba umaskini wa Kiairishi umekuwa biashara, na kwamba mwandishi huyu amefika sokoni jioni. Sikilizeni hayo! Mwanamke ameamka alfajiri miaka arobaini na mmoja kupiga pasi mashuka ya wagonjwa, kisha aambiwe ni mchuuzi wa njaa yake. Mhakiki huyo alisifu jalada. Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu hata mlango wa chumba chenye kitanda hajaufungua, naye anatoa maksi.

Klabu ya Waairishi, ambako Bridie alikuwa akicheza karata kila Alhamisi, ilimwalika aje kusoma, kisha ikamfutia mwaliko. Wakubwa wa klabu walidai ameuchafua mji. Sisi tulikuwa maskini lakini wasafi, walisema. Sisi tulikuwa maskini lakini tulicheka. Mimi nauliza, ni wapi alipoandika kwamba hawakucheka? Kitabu kizima kina vichekesho. Walichokitaka ni umaskini uliopigwa pasi, na Bridie ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuombwa pasi ya bure.

Mwingine aliandika kwamba amepekua rekodi za parokia na hakuona mtoto yeyote. Kwa hiyo, alisema, mtoto asiye na jina, asiye na kaburi wala rekodi, ni mtoto wa kubuni, amewekwa kitabuni ili msomaji alie. Bwana mwerevu! Kanisa limekataa kumwandika, halafu yeye analiuliza kanisa kama limemwandika.

Lakini pigo lilitoka nyumbani. Fintan, ambaye anaishi Bordesley Green, alisimama mbele ya ukumbi mzima wa klabu, akasema: tulikuwa wawili tu, hapakuwa na mtoto mwingine. Watu walimpigia makofi. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa dada yake.

Nisiwabebeshe Waairishi mzigo wote, maana na sisi hatukujisitiri. Kowsar alipoanza kutusomea kitabu mwezi wa nne mwaka huu, wakati wa chai, ukurasa kwa ukurasa, akikigeuza Kiswahili papo hapo, Dalmar wa lori alicheka hadi chai ikamwagika.

"Mzungu ale thabai? Wacha jokes, Kowsar. Hawa si ndio wali-invent viatu, sasa wakose viatu aje?"

Mama Dative, mkubwa wetu, aliyetoka Bukavu na ambaye hakuna anayethubutu kumkatiza, alikasirishwa na mambo ya mama yake Bridie. "Mama yako hata akosee, haumusemi mbele ya watu," alisema, akainuka na kikombe chake. Wiki ile alikwenda likizo ndefu kwa binti yake huko Lyon. Nilimkasirikia sana. Niliona kwamba hata sisi, ambao wengine wetu tumelala chini ya turubai, tunamtaka mtu aliyeumia aumie kimyakimya ndipo tumheshimu.

Mwezi wa tano mchapishaji alimpigia Bridie simu. Kitabu kimekwisha, anataka kukichapa tena, ila sura ya mtoto imeleta maneno mengi na kaka mtu mwenyewe anaikana. Je, haingekuwa busara kuitoa? Alimpa hadi mwisho wa mwezi. Bridie aliniambia tukiwa mdomoni mwa mashine, shuka mikononi.

"Waniite mwongo, sijali," alisema kwa Kiingereza chake cha kwao. "Lakini nikikubali itolewe, na mimi nitakuwa nimesema kwamba hakuwapo."

Alichelewa kuachia pembe yake. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, hilo lilikuwa shuka la kwanza kutafunwa upande wake.

Kowsar alitusomea sura ile Ijumaa ya wiki hiyohiyo. Bridie alikuwa kwa daktari wa macho. Hata Dalmar hakucheka. Alivua kofia, akaikalia. Basi Mama Dative akaingia, ndiyo kwanza amerudi kazini, akakuta meza nzima inajifuta machozi. Akauliza kuna nini. Mtu mmoja akamjibu: Bridie amefiwa na mdogo wake.

Mwenye kumjua Mama Dative anajua kilichofuata. Kabla kengele ya kurudi kazini haijalia, alikuwa ameshaliarifu grupu zima la wanawake kwenye simu: Jumapili twende Kingstanding, fulani alete wali, fulani sombe ya majani ya muhogo, fulani mikeka. Jioni, langoni, Kowsar alijaribu kumweleza.

"Lakini Mama Dative, hiyo ilikuwa like sixty years ago. It's in the book. Bridie mwenyewe ako sawa."

Mama Dative alisimama akamtazama. Nilidhani ataona haya na kuituma habari nyingine ya kufuta ile ya kwanza.

"Miaka makumi sita ao siku sita," alisema. "Kuko mutu alishaenda kumupatia pole?"

Tulitazamana. Watu wa gazeti, wa klabu, wa rekodi za parokia, wote walikuwa wamekwisha kusema lao kuhusu mtoto yule, kama aliandikwa vizuri, kama aliandikwa vibaya, kama aliandikwa kwa faida. Na sisi wenyewe tulikuwa tumekaa tukilia juu ya chai. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa mfiwa kumwambia pole. Kwetu, habari ya msiba ikikufikia imechelewa, huruhusiwi kusema imechelewa; unakwenda.

Basi tukaenda, Jumapili, baada ya ibada yao na kabla ya alasiri yetu. Bridie alifungua mlango akiwa na kandambili, akatukuta kwenye ngazi na masufuria, vichwa tumevifunga. Alidhani tumefukuzwa kazi wote. Kowsar alipomweleza tulichofuata, alisogea pembeni tukapita. Tukasukuma makochi ukutani, tukatandika mikeka, tukamkalisha katikati, na tukamkataza kugusa birika, kwa sababu mfiwa hapiki. Alicheka, akasema katika maisha yake yote hajawahi kufukuzwa jikoni kwake. Kisha akalia. Alilia sana, na sisi hatukumnyamazisha. Alipotulia, Mama Dative alimuuliza jina la mtoto, ili tumwombee. Bridie akatikisa kichwa. Hakuwa nalo.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja Mwingereza, alikuwa dirishani. Aliona wanawake wa vitambaa vyeusi wakiingia na masufuria, akaona mapazia yamefungwa, akafanya hesabu yake. Akampigia Fintan simu na kumwambia dada yake amefariki.

Mzee yule aliingia bila kubisha, koti amelifunga kifungo upande. Alimkuta marehemu amekaa mkekani na sahani ya wali. Halafu hofu ikamgeuka kuwa ukali, akafoka: nani aliyekufa humu?

Mama Dative aliinuka. Huyu alikuwa kaka mtu, mwanamume wa familia, na kwa desturi naye alistahili mkono wa pole. Alimshika mikono yote miwili.

"Pole sana, ndugu yetu. Tumechelewa kufika," alimwambia, na Kowsar akafasiri. "Mutoto alikuwa anaitwa nani?"

Nilimngojea Fintan. Nilikuwa nimeshamwandalia maneno katika lugha tatu, na ya Kisomali yalikuwa ya mwisho kwa sababu hayafutiki. Kama angesema palepale kwamba hapakuwa na mtoto, Mungu anisamehe, wali ule ungempata. Alitazama masufuria. Alitazama mikono ya Mama Dative iliyomshika. Akamtazama dada yake.

"Nuala," akasema.

Bridie aliweka sahani chini. Alikuwa na miaka sabini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia jina la mdogo wake.

Tulimpa Fintan nafasi mkekani, akaketi, na kwa kweli magoti yake hayakuwa ya mkekani tena. Alieleza polepole. Asubuhi ile baba alibeba boksi, yeye akabeba sepetu, akiwa na miaka kumi. Walipita shambani kwenye theluji mpaka mahali ambapo watoto wa namna hiyo huzikwa. Baba ndiye aliyempa jina, alimwita mara moja akiwa amepiga magoti, kisha wakarudi nyumbani. Mama aliwangoja na rozari yake. Alimshikisha Fintan rozari ile, akamwapisha asiseme milele, kwa sababu jirani wakijua kwamba mtoto amelala nje ya makaburi, aibu itawaua. Mama amekufa zamani. Kiapo hakikufa naye.

Niseme ukweli, sijamsamehe Fintan yote. Kunyamaza ni jambo moja. Kusimama ukumbini na kumfanya dada yako mwongo kwa makofi ni jambo jingine. Lakini hasira yangu kubwa imehama. Ninawauliza waliotunga sheria ile: mtoto wa siku chache aliwakosea nini? Kwetu kichanga akifa anapewa jina lake, anazikwa kati ya watu wazima, na tunaamini kwamba yuko peponi kabla hatujafika nyumbani. Na mtoto wa miaka kumi, nani anambebesha kaburi zima, kisha anamwambia atabasamu? Wahakiki walikuwa wakidai jina na kaburi. Vyote viwili vilikuwa kwa shahidi wao wenyewe, yule waliyempigia makofi, na hakuna aliyemuuliza swali ambalo Mama Dative alimuuliza kabla hajavua koti.

Jumatatu Fintan alimpigia mchapishaji yeye mwenyewe. Sura inabaki, na katika chapa mpya mtoto ana jina. Alhamisi alirudi kwenye klabu, akasimama palepale aliposimama mwanzo, akasema: tulikuwa watatu. Wengine waliinuka wakatoka. Katibu alisema hayo ni mambo ya familia, kana kwamba yalikuwa ya familia walipokuwa wakipiga makofi. Sasa wamemwalika Bridie upya aje kusoma. Amewajibu kwamba Alhamisi anacheza karata na Mama Dative, na ni kweli, na anaibiwa kila mara.

Yule mhakiki hajasema lolote. Ameshahamia kwenye kitabu kingine. Sitaki radhi yake. Namtaka wiki moja tu upande wa nguo chafu, kwa glavu zile alizotupatia Bridie.

Kiwanda kinamshukuru Bridie kwa saa ya ukutani, na meneja ana hotuba. Sisi wa mashine ya pasi tunamshukuru kwa nyusi zake, kwa glavu, kwa chumba cha kuswalia, kwa mkate alioula kwenye baridi, na kwa kuandika jambo ambalo kila mtu aliyempenda alimwambia asiliandike. Uzee wake uwe na joto, chai isiyopoa, na mtu wa kugombana naye.

Kesho yake, Jumamosi, yeye na Fintan wanapanda ndege kwenda Ayalandi. Kaka mtu anasema shamba lile lipo, lina ukuta wa mawe na mti wa miiba, na kwamba anaweza kufika hapo akiwa amefumba macho. Ni yeye peke yake aliye hai anayepajua.

Nenda salama, Bridie. Mkifika, usitafute maneno mazuri. Hakuna mhakiki hapo. Kaa chini. Mwite Nuala kwa jina lake, umwite kwa sauti, hao waliosema hakuwapo wasikie mpaka Birmingham.